Askari hakuchukua nafasi yako

*Shangazi,*

*Naishi Morogoro mjini na mume wangu na watoto wawili, lakini kwetu ni Kimamba, wilaya ya Kilosa. Baba yangu alikuwa mkata mkonge tangu ujana wake. Tangu mama afariki anaishi peke yake kwenye nyumba yetu. Mwishoni mwa mwaka jana alianza kukohoa, akakonda, usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa. Alipopimwa akakutwa na kifua kikuu. Nilikwenda kumuuguza, lakini nilikuwa na mtoto mchanga na niliogopa sana. Tulimtengea sahani, kikombe na kijiko. Majirani wakaacha kukaa barazani kwetu. Baada ya wiki mbili nikarudi kwangu, nikawa namtumia hela kwa simu.*

*Aliyebaki naye ni mbwa wake, Askari. Sasa baba yuko mwezi wa tano wa dawa, mwili umerudi, anatembea hadi shambani. Nimemwomba aje kuishi kwangu, amekataa. Mume wangu ni Mwislamu na mbwa hawezi kuingia nyumbani kwetu. Nilipomwambia baba amgawe mbwa, alinijibu: "Askari alibaki, nyie mliondoka." Shangazi, tangu siku hiyo silali vizuri. Kaka yangu naye anasema mbwa ndiye aliyemletea baba ugonjwa, na kwamba atamtegea sumu kimya kimya. Anasema baba atasononeka siku mbili, kisha atasahau. Je, ni kweli baba anampenda mbwa kuliko mimi? Nifanye nini?*

*Binti wa Kimamba*

Mwanangu,

Kuna jambo moja lisilosubiri, nalo ni sumu. Mpigie kaka yako leo. Mwambie kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda mbwa yule, na kwamba sumu ikishategwa uani haichagui nani wa kuila. Kuku watakula, na mtoto wa jirani anaweza kuokota kipande cha nyama. Lakini hata kama ingemfikia Askari peke yake, bado ningekuomba umzuie. Baba yenu yuko katikati ya dawa ambazo haziruhusu mtu kukata tamaa. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita: miwili ya mwanzo ni dawa nne kwa pamoja, minne inayofuata ni dawa mbili. Mgonjwa hujisikia mzima mapema, kikohozi kinakata, na hapo ndipo wengi wanapoacha. Vijidudu vilivyosalia vinaweza kurudi na usugu, na kifua kikuu sugu ni safari nyingine ndefu, yenye dawa kali zaidi. Mzee anayemkuta rafiki yake amekufa mlangoni asubuhi, akajua pia ni mkono wa mwanawe, sidhani kama jioni ile atakumbuka vidonge.

Mwambie kaka yako vilevile kwamba Askari hakumletea baba ugonjwa ule. Kifua kikuu hupita hewani, kutoka kwa mtu hadi mtu, mgonjwa ambaye hajaanza dawa anapokohoa, kupiga chafya au kuimba kwenye chumba kilichofungwa. Ikitokea mbwa akaugua, na ni mara chache, kwa kawaida yeye ndiye aliyeambukizwa na binadamu. Vijidudu vyenyewe vinaweza kulala mwilini miaka mingi bila dalili yoyote, vikaamka mtu akizeeka au nguvu zikipungua. Mtu aliyeishi ujana wake kwenye makambi ya mkonge, pamoja na watu waliotoka pande zote kutafuta kazi, anaweza kuwa alivivuta kabla ninyi wawili hamjazaliwa. Kama kaka yako anataka mnyama wa kuangaliwa, aanze na ng'ombe, kwa kuwa kuna aina ya kifua kikuu inayopita kwenye maziwa mabichi. Kilosa ni wilaya ya wafugaji na maziwa hayakosekani. Yachemsheni.

Wewe unayeishi Morogoro una jambo la kumwonyesha. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa makohozi na kutambua yenye vijidudu vya kifua kikuu. Panya mmoja aliyefundishwa hupita sampuli mia moja kwa takriban dakika 20. Kwa njia hiyo wamegunduliwa wagonjwa wengi ambao darubini iliwakosa. Katika mkoa wenu mnyama ametumika kuupiga vita ugonjwa huu, na kaka yako anataka kumuua mmoja kwa kosa ambalo hakulitenda.

Sasa tuje kwako, mwanangu. Nadhani hukuniandikia kwa sababu ya mbwa. Umeandika kwa sababu ya yale maneno ya baba.

Ulipomwondoa mtoto mchanga kwenye ile nyumba ulifanya vema, na usikubali mtu yeyote akwambie vingine, hata moyo wako. Watoto wa chini ya miaka mitano wakiambukizwa huugua haraka na vibaya. Chanjo ya BCG aliyopewa alipozaliwa inamkinga hasa na aina zile za hatari zaidi, lakini haizuii kila kitu. Hukuniambia kama mtoto alipimwa, na hilo limenisumbua katika barua yako yote. Mpeleke kliniki wiki hii, na mkubwa pia kama alikuwepo. Waeleze kwamba walikaa nyumba moja na mgonjwa kabla dawa hazijamkolea. Kuna uchunguzi, na kuna dawa za kinga kwa watoto kama hao. Na wewe pia upimwe.

Sahani na kikombe ni habari nyingine. Kifua kikuu hakipiti kwenye kijiko. Hakipiti kwenye sinia, wala kwa kushikana mikono, wala kwenye shuka. Mliyemtengea chombo hamkumzuia kuambukiza mtu. Mlimwambia tu, mara tatu kwa siku, kwamba sasa yeye ni mtu wa pembeni. Najua hamkukusudia. Mlifanya mlichoona wengine wakikifanya, na nchi nzima tumerithi hofu hiyo. Hospitali ya Kibong'oto, kule Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926 kuwa mahali pa wagonjwa wa kifua kikuu, enzi ambazo hakukuwa na dawa ya kuwaponya, na kumweka mgonjwa mbali na wenziwe ndiyo ilikuwa njia iliyojulikana. Dawa zimekuja, hofu haijaondoka. Leo mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida akianza dawa sahihi na kuzimeza kila siku, uwezo wake wa kuambukiza hushuka upesi, ndani ya wiki chache. Baba yako aliye mwezi wa tano, kama makohozi yake yamepimwa na kukutwa safi, si hatari kwa mtu anayekaa naye barazani. Majirani hawajui. Mwombeni muuguzi wa kituo cha afya aje aseme hivyo mbele yao, maana wakiambiwa na mtoto wa mwenye nyumba watadhani unamtetea mzazi wako.

Sasa fikiria miezi ile aliyokuwa peke yake, na nani alisimamia dawa zake.

Tanzania ina heshima kubwa katika historia ya ugonjwa huu. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na daktari Karel Styblo, aliyefanya kazi na Watanzania kuujenga, alionyesha hapa kwetu kwamba nchi isiyo na fedha nyingi inaweza kuwaponya wagonjwa wengi kama dawa zipo wakati wote na kama kuna mtu wa kuhakikisha zinamezwa. Shirika la Afya Duniani lilichukua mafunzo yale katika miaka ya 1990, likayapeleka dunia nzima. Ndiyo maana mgonjwa wa kwetu akianza dawa huulizwa nani atamsimamia nyumbani. Katika barua yako hukumtaja msimamizi wa baba. Huenda alitajwa mtu kwenye kadi, na mtu huyo akaja siku za mwanzo tu.

Askari hajui kuhesabu vidonge. Ila anajua kumekucha. Mbwa aliyezoea kutoka alfajiri hukwaruza mlango alfajiri, mwenye nyumba akiwa na homa au hana. Akishafunguliwa anataka kula. Na hapa ndipo ninapoona jambo ambalo ninyi watoto hamkuliona kutoka mbali. Mzee aliyefiwa na mkewe, asiye na hamu, anayetapika kwa sababu ya dawa, hasongi ugali kwa ajili yake peke yake. Atakunywa chai ya rangi asubuhi, na jioni atainywa tena. Lakini kuna kiumbe kimekaa mbele ya jiko kinamtazama, kwa hiyo atabandika sufuria. Akishasonga, na yeye atakula matonge mawili. Akishakula, atakumbuka dawa. Baba yako anapona kwa dawa, hilo tusilichanganye. Ila dawa zinataka mtu wa kuamka na kuzimeza kila siku, na mtu huyo Askari alisaidia kumwamsha.

Kuna uchunguzi wa Sweden uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia kumbukumbu za wagonjwa wengi sana waliopata mshtuko wa moyo au kiharusi. Miongoni mwa waliorudi kuishi peke yao baada ya mshtuko wa moyo, wenye mbwa walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 33 kuliko wasio na mbwa. Marekani nako, mwaka 1980, Erika Friedmann na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa moyo 92 kwa mwaka mmoja. Kati ya 53 waliokuwa na mnyama nyumbani walikufa 3. Kati ya 39 wasio naye walikufa 11. Hizo ni habari za moyo, si za mapafu, na hazithibitishi kwamba mbwa ndiye aliyewaponya. Yawezekana wenye mbwa walikuwa na nguvu zaidi tangu mwanzo. Lakini lile neno "peke yao" linanigusa kila nikimfikiria baba yako. Faida kubwa ilionekana kwa wale ambao hawakuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba.

Kwa sababu hiyo sikushauri umhamishie Morogoro. Kwako atapewa chumba kizuri, chakula kitaletwa, ataambiwa "kaa, baba, pumzika". Ni mtu aliyeamka gizani miaka na miaka kukata majani ya mkonge na kuyafunga matita, aliyezoea kwamba siku ina kazi yake na kazi ina mwisho wake. Kimamba ana shamba la kutazama, ana ngedere na nguruwe pori wa kufukuza, ana mbwa wa kulisha. Bado yeye ndiye mwenye mji. Ukimtoa pale sasa hivi, mwili ukiwa ndio kwanza unajikusanya, utamfanya mgonjwa upya bila kijidudu chochote. Ipo siku huenda uzee utadai ahame, nanyi mtalizungumza siku hiyo. Haijafika.

Kuhusu mume wako, usimfanye mkosaji kwenye jambo hili. Madhehebu ya Shafii, wanayofuata Waislamu wengi wa pwani na bara yetu, yanamhesabu mbwa kuwa najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu anayeswali nyumbani kwake ana haki ya kutotaka mbwa ndani. Lakini mume wako anajua pia kwamba hadithi za Mtume zimeruhusu mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda, na kwamba zinasimulia mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Katika Sura ya Al-Kahf, vijana waliolala pangoni walikuwa na mbwa wao amenyoosha miguu mlangoni. Askari ni mbwa wa shamba, kwenye mji wa baba mkwe, Kimamba. Ongea na mumeo kwa msingi huo, na ikiwa anaona uzito amuulize shekhe wake. Nina imani atakuwa wa kwanza kukupa nauli. Na baba, kama anasoma Biblia ya Kikatoliki, mkumbushe kitabu cha Tobiti, kinachomsimulia kijana aliyesafiri mbali akarudi na dawa ya macho ya baba yake, mbwa akiandamana naye njiani. Mtoto na mbwa walirudi pamoja, na hakuna aliyemwuliza mzee achague.

Uliuliza kama baba anampenda mbwa kuliko wewe. Mwanangu, mtu hamlaumu asiyemtarajia. Majirani nao waliondoka, lakini hukuniandikia kwamba baba amewalalamikia majirani. Maneno yale alikutunzia wewe, kwa sababu ni wewe aliyekuwa akisikiliza kama hodi inapigwa. Alikupa hesabu ya nani alikuwepo, na hesabu hiyo ni ya kweli, ndiyo maana imekuchoma. Usiipinge. Ukienda na maelezo ya mtoto mchanga, na mume, na hela ulizotuma, utakuwa na haki yote na hutakuwa umempa kitu. Mwambie: "Baba, niliogopa. Sahani ile ilikuwa kosa. Nisamehe." Habari za mtoto utampa baadaye, akiuliza, na ataelewa, yeye naye amelea.

Kisha pika. Weka chakula kwenye sinia moja, kaeni mkeka mmoja, nawa mikono na ule naye, tonge lako likigusa mboga aliyoigusa. Fanya hivyo barazani, saa ambayo watu wanapita. Sijui dawa nyingine ya kile kikombe.

Askari naye usimwache bila huduma, maana kumpenda mbwa bila kumchanja ni hatari kwa mji mzima. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishatokea. Makadirio yaliyofanywa na wataalamu hapa nchini yalifikia vifo vya takriban watu 1,500 kwa mwaka, wengi wao watoto wa vijijini. Chanjo yake hurudiwa kila mwaka. Mtafute bwana mifugo wa kata, au uliza kwenye hospitali ya wanyama ya SUA hapo mjini namna ya kuipata. Apewe pia dawa ya minyoo na aangaliwe kupe na viroboto, kwa sababu baba ametoka kuugua na mwili wake hauhitaji mzigo mwingine. Alale barazani au mlangoni, si kitandani, na baba anawe kwa sabuni baada ya kumshika. Ikitokea siku mbwa yeyote akamng'ata mtu, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitali bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Chanjo ya Askari alipe kaka yako. Nasema hivi kwa kumaanisha: ndiye aliyetaka kumuua, na akimshika miguu wakati anachomwa sindano, baba akiwa amesimama pembeni anaona, litakuwa limesemwa jambo ambalo ninyi wawili hamtaweza kulisema kwa mdomo.

Mwisho wa mwezi huu wa tano, na tena akimaliza wa sita, makohozi ya baba yanatakiwa kupimwa. Panga safari yako iangukie siku mojawapo, uende naye kituoni, ukasikie majibu kwa masikio yako badala ya kuyapata kwa simu. Na usiende na kurudi siku hiyo hiyo. Basi la kupitia Dumila litakuwepo kesho yake na keshokutwa. Chukua siku kadhaa, na kama daktari wa kliniki amesema watoto wako salama na baba makohozi yake ni safi, nenda nao. Laleni kwenye nyumba ile ile, madirisha yakiwa wazi usiku hewa ipite, na alfajiri Askari akikwaruza mlango, amka wewe ukamfungulie.